Tasbihi ya Kihindu na kijitabu chake: shanga safi, tafsiri ya kuchuja

Duka moja la vifaa vya puja, yaani ibada za Kihindu, Mji Mkongwe linauza mfuko huu kwa shilingi 30,000. Ndani mna mala, ndiyo tasbihi yenyewe, ya mti wa tulasi, kifuko cha kitambaa cha kuitilia, na kijitabu cha Kiswahili kinachomweleza mtu anayeanza bhakti, njia ya kumwendea Mungu kwa upendo. Mala inastahili fedha yake. Kijitabu kinasomeka vizuri, na hapo ndipo penye hatari.

Tulasi ni ndugu wa mrehani na kivumbasi, ila wafuasi wa mungu Vishnu huuenzi na kuupanda uani. Punje ni 108, na mbele yake imekaa moja kubwa, meru, isiyohesabiwa. Kila punje imetengwa na mwenzake kwa fundo. Hilo ndilo la kulipia: pasipo fundo punje husuguana, uzi hulika, na siku ukikatika zote humwagika sakafuni. Ili kujua kama mti umepakwa rangi, sugua punje mbili tatu kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikigeuka rangi ya chai, rudisha. Hizi hazikutoa kitu. Hesabu kumi kumi kabla ya kulipa, maana mala pungufu zipo.

Adui yake hapa kwetu ni unyevu. Uzi wa pamba hunywa jasho, na masika ikiingia hushika ukungu kuanzia kwenye mafundo. Usiifungie kwenye plastiki. Itundike penye upepo, na mara moja kwa mwezi ipanguse kwa tone la mafuta ya ufuta. Tone moja tu. Ukizidisha, uzi utavunda.

Aliyezoea kuvuta uradi kwa tasbihi ya 99 ataona mkono unajua njia, isipokuwa mahali pawili. Kidole cha shahada, kile anachokiinua Mwislamu katika tahiyatu, hapa hakigusi mala kabisa: kimehesabiwa kuwa kidole cha ahamkara, ile "mimi, mimi" ya mtu. Mala hulala juu ya kidole cha kati cha mkono wa kulia, na gumba ndilo linalovuta punje kuja kwako. Kifuko kina tundu la kukitolea nje hicho kidole kilichotengwa, lakini limeshonwa finyu. Mwenye mkono mkubwa itabidi alifumue kidogo. La pili, meru hairukwi. Ukiifikia, geuza mala urudi ulikotoka.

Wafuasi wa ISKCON, jumuiya ya waumini wa Krishna (mungu wa mkondo wa Vishnu) iliyoanzishwa New York mwaka 1966, huzungusha mala mara 16 kwa siku, yaani mantra 1,728, maneno ya kutaja majina ya Mungu, kazi ya kama saa mbili. Kijitabu kinamtaka mgeni aanze hapo hapo. Hawezi, ulimi utakimbia na majina yatamezwa. Mzunguko mmoja uliotamkwa wazi unamtosha kwa miezi ya mwanzo.

Shida kubwa ya kijitabu ni msamiati. Kimeazima maneno ya dini tuliyonayo mdomoni, na maneno hayo yana wenyewe. Bhakti imeitwa "ibada". Ibada ni shina moja na Abdalla: mtumwa mbele ya Bwana. Utumwa huo umo katika bhakti, unaitwa dasya, lakini ni hali moja tu kati ya tano. Wapo wanaomwendea Krishna kwa utulivu, wapo wanaomwendea kama sahibu, wapo kama mama anayemgombeza mtoto kwa kuiba siagi. Na katika mkondo wa Chaitanya, mtakatifu wa Bengal (1486–1534), wanaowekwa juu ya wote ni wanaompenda kama mpenzi. Aliyepewa "ibada" peke yake atashangaa nyimbo za Radha, mpenzi wa Krishna, zinatafuta nini hekaluni. Bora wangethubutu kuandika "mahaba".

Moksha, ukombozi wa Kihindu, kuitwa "pepo" ni kosa zito zaidi. Pepo ya Wahindu ipo, ni svarga, na Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, 9:21 inasema kwamba thawabu zikimalizika huko mtu hurudi duniani. Moksha ni kutoka kabisa katika kufa na kuzaliwa upya. Kwa mwanazuoni Shankara, ni kutambua kuwa atman, nafsi ya ndani ya mtu, na Brahman, uhalisi mkuu wa yote, havijawahi kuwa viwili. Kwa mwenzake Ramanuja, roho hubaki roho, ikimtumikia Vishnu karibu naye. Hitilafu hiyo, ambayo wanazuoni wa Kihindu wameijadili karne kwa karne, haikupewa hata mstari mmoja.

Karma, matendo ya mtu na matokeo yake, imefanywa "kudura", ilhali kudura ni ya Mungu na karma hutoka mkononi mwa mtu mwenyewe. Prasada si "sadaka". Ni chakula kilichotolewa mbele ya mungu kisha kikarudi kuliwa, jirani zaidi na tabaruku ya maulidi. Atman kuwa "roho" inapita.

Ukiuliza, mala huuzwa peke yake kwa shilingi 18,000. Chukua na uzi wa akiba, wa pamba uliosokotwa, mita tatu hivi, maana mafundo hula uzi.