Kabla ya kununua filta ya tangi la samaki, toa rota uione

Mwezi wa nne nilinunua filta ya kuzamishwa ndani ya tangi hapa Kisumu kwa shilingi 2,300. Kufikia mwezi wa saba maji yalikuwa yanatoka kama mkojo wa paka. Nikaosha sponji, nikanunua nyingine, mwishowe nikaondoa sponji kabisa. Wapi! Halafu usiku mmoja stima ikapotea, na iliporudi saa kumi alfajiri filta ikabaki inanguruma bila kusukuma hata tone. Binti yangu ndiye aliyeniamsha: "Mama, samaki wote wako juu, wanahema." Siku hiyo tulizika samaki wa dhahabu watatu niliowalea kwa miaka minne.

Nilipeleka ile filta kwa fundi wa redio kule Kondele. Kifuniko cha rota (sumaku inayozunguka na kusukuma maji) kilikuwa kimegandishwa kwa gundi kiwandani, kwa hiyo ilibidi aikate kwa msumeno. Ndani, rota ilikuwa imevikwa ute wa kahawia unaovutika kama mrenda. Kijiti cha chuma inachozungukia kilikuwa na kutu, na katikati ya mapanga yake alikuwa amekwama konokono mdogo kama punje ya mtama. Fundi aliisugua kwa mswaki dakika mbili, akaitumbukiza kwenye ndoo, na maji yakaruka hadi kwenye shati lake. Mota ilikuwa nzima kabisa! Lakini filta iliyokatwa kwa msumeno hairudi tangini, na samaki wangu walikuwa wameshakufa kwa sababu ya uchafu wa dakika mbili.

Tangu niliposimulia kisa hiki, wasomaji wa Nakuru, Kakamega na Busia wananiandikia malalamiko yaleyale. Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu lita ngapi kwa saa wala ukubwa wa tangi. Hayo yameandikwa kwenye kila boksi, na mara nyingi zile lita hupimwa filta ikiwa tupu, bila sponji. Mimi nauliza jambo moja: rota inatoka au haitoki?

Rota ni sumaku yenye mapanga. Nyaya za umeme zimefungiwa nje yake ndani ya plastiki, kwa hiyo katika filta nzima kitu kinachozunguka ni hicho tu. Nafasi kati ya sumaku na shimo lake ni nyembamba sana. Ute na chokaa ya maji vikijaa hapo, rota huanza kuburuta, na mtu huendelea kulaumu sponji. Stima ikipotea ndipo mambo huharibika, kwa kuwa rota iliyokuwa ikijikongoja haina nguvu ya kuanza upya. Na maji yakipungua kasi, wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati hukosa oksijeni. Samaki huanza kuumia wewe ukiona maji bado ni maangavu.

Basi dukani, kabla ya kutoa pesa, zungusha kifuniko mwenyewe na uvute rota kwa vidole. Angalia kijiti: cha kauri hakishiki kutu, ila ukikilazimisha kinakatika, kwa hiyo kishike taratibu. Kisha uliza bei ya rota peke yake. Muuzaji akianza kukuzungusha, ondoka.

Ya kwanza kwangu ni Eheim Classic 250, ile ya mkebe wa kijani inayokaa chini ya tangi, na sioni haya kuipendelea. Kampuni hiyo ya Ujerumani ilianza mwaka 1949. Rota inatoka kwa mkono, kijiti ni cha kauri, na vipuri vinauzwa kimoja kimoja. Maji hupanda kutoka chini hadi juu yakipita katikati ya vichujio, hayapati upenyo wa kukwepa. Inakula wati 8 tu. Ubaya wake ni kwamba haina kitufe cha kuivutia maji, unanyonya bomba kwa mdomo mara ya kwanza, na mabomba yake hujenga ute ndani usipoyapitisha brashi ndefu.

Ya pili ni Fluval 207. Shemeji yangu wa Nakuru anayo, rota yake hutoka bila shida, na ina mkono wa kuvutia maji. Ya tatu ni AquaClear, ya kuning'inizwa ukingoni. Mota yake unaizungusha kidogo tu inaachia. Lakini kwa joto la Kisumu maji ya tangi hupungua upesi, na yakishuka mno filta hii hutoa maji machache na kelele nyingi. Ongeza maji kabla ya kutafuta ubovu.

Filta ya sponji ya pampu ya hewa haina rota ya kuziba, inafaa tangi dogo. Zile za bei ya chini zilizogandishwa gundi, hapana.

Sasa wauzaji. Niliporudi na filta yangu, kijana wa dukani aliniambia, "Mama, hizo huwa hazifunguliwi, chukua mpya." Hakuangalia hata ndani ya mfuko. Duka lingine lilikuwa linauza filta za mtumba kutoka Marekani za volti 120, na kibandiko cha volti kimebanduliwa, ilhali stima yetu ni volti 240. Ukiichomeka hivyo inaungua. Rota moja ya Eheim nililazimika kuiagiza Nairobi, ikaja kwa basi, na nauli ya kifurushi ilikaribia bei ya rota yenyewe. Mtu anayekuuzia samaki, chakula na dawa kila wiki anashindwaje kuweka rota tano kwenye droo?

Ukishanunua, pima siku ya kwanza. Kinga maji yanayotoka kwa jagi la lita 2 na uhesabu sekunde. Eheim yangu, ikiwa na vichujio vyote, ilijaza kwa sekunde 22. Nikiona imefika 30 naanza na kichujio cha mdomoni mwa bomba la kuvuta maji, kisha sponji, ambayo naiosha kwa maji ya tangi lenyewe kwa sababu klorini ya mfereji huua bakteria. Kisha mabomba, na mwisho rota, kwa mswaki, na siki kidogo kama kuna chokaa, halafu naisuuza vizuri.

Jana jagi lilijaa kwa sekunde 31. Jumamosi naifungua.