Mamod MEC1 au Wilesco D16 kuendesha modeli za Meccano?

Hizi mbili ni injini ndogo za mvuke za kuchezea. Kama unataka mvuke uendeshe kreni yako ya Meccano (vile vipande vya chuma vyenye matundu vya kuunganisha kwa bolti) mi naenda na MEC1 ya Mamod, Waingereza waliitengeneza kwa kazi hiyohiyo, matundu ya kitako yanalingana na ya Meccano, kila nusu inchi, unakaza bolti mbili tatu imeisha. Ila mvuke unasukuma pistoni upande mmoja tu, afu hazitengenezwi tena, utaishia kusaka mtumba. D16 ya Wilesco, ya Mjerumani, pistoni yake inasukumwa pande zote mbili kwahiyo nguvu ipo, ina filimbi pia (majirani watakuchoka), na mpya bado zinauzwa, tatizo kuiunga na modeli, hapo ni puli na mkanda. Zote zinazunguka mbio, weka gia za kupunguza kasi la sivyo kreni hainyanyui kitu.