Heda za ekzosi zinazoruhusiwa barabarani: ipi ununue kwanza

Ukitaka kutoa manifoldi ya kiwandani (kikusanyio cha moshi unaotoka kwenye silinda za injini) na kufunga heda (seti ya mabomba inayochukua nafasi yake), weka pembeni kwanza habari za sauti na nguvu za farasi. Anza na masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi (catalytic converter). Heda ikikulazimisha kuyatoa, umejiingiza matatani: nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya shirikisho inakataza kuyaondoa. California imekaza zaidi. Huko heda inatakiwa iwe na namba ya idhini ya CARB (bodi ya jimbo hilo inayosimamia usafi wa hewa), inayoanza na herufi D, na mkaguzi huitafuta kwenye kibati au stika. Idhini hiyo hutaja modeli, miaka na injini, kwa hiyo heda ya kampuni ileile inaweza kukubalika kwa gari la mwaka huu na isikubalike kwa la mwaka unaofuata. Itafute namba kwenye tovuti ya CARB kabla hujalipa, maana ahadi ya muuzaji haina uzito siku ya ukaguzi.

Hakikisha pia injini yako inapokea heda. Injini nyingi mpya za turbo zina manifoldi iliyosubiwa pamoja na silinda hedi, na hapo hakuna cha kubadilisha.

Chaguo langu la kwanza ni heda fupi za stenlesi 304 (chuma kisichoshika kutu kirahisi) zenye idhini. Zinaishia kwenye flenji (bamba la kuungia mabomba) ya kiwandani, masega na sensa za oksijeni hubaki mahali pake, na fundi hahitaji kuchomelea. Nguvu inayoongezeka ni ya kiasi, usidanganywe na matangazo. Faida inatokana na kila silinda kupewa bomba lake, hivyo moshi wa moja hausumbui nyingine. Utaisikia zaidi kwenye V8 yenye manifoldi nzito ya chuma cha kusubu.

Kwa injini ya silinda nne ningeipandisha juu ya hizo heda ya 4-2-1, mradi ina idhini. Huunganisha silinda 1 na 4, kisha 2 na 3, halafu zote kwenye bomba moja, na injini huvuta vizuri kwenye mizunguko ya kati, ambako gari la barabarani hutumia muda mwingi. Ile ya 4-1, inayounganisha mabomba manne mara moja kuwa moja, hunoga mizunguko ikiwa juu kabisa.

Bajeti ikibana, chukua chuma cha kawaida kilichopakwa seramiki ndani na nje. Rangi nyeusi ya kupuliza huungua mapema na kutu huingia. Stenlesi 409 iko katikati: hushika sumaku na hupata kutu ya juujuu, lakini hudumu.

Heda ndefu naziweka mwisho, ingawa ndizo zenye nguvu kuliko zote. Mara nyingi mabomba yake hukutana palepale masega yanapokaa, kwa hiyo masega husogezwa nyuma na huchelewa kupata moto. Ni za gari la uwanja wa mashindano.

Upana wa bomba usikutamanishe. Bomba pana kupita mahitaji ya injini hupunguza kasi ya moshi, na mvuto wa mizunguko ya chini unapotea.

Ukiwa na heda mkononi, laza rula ya chuma juu ya flenji. Mwanga ukipenya chini yake, flenji imepinda, irudishe. Zile zenye unene wa milimita 10 hivi hustahimili joto vizuri zaidi. Kisha pitisha kidole ndani ya matundu: weldi iliyovimba humaanisha moshi utagonga ukingo kila unapotoka. Uvujaji mdogo tu kabla ya sensa huingiza hewa, sensa ikaripoti oksijeni nyingi, na kompyuta ikaongeza mafuta yasiyohitajika. Ndiyo maana nasisitiza gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, na bolti zikazwe upya baada ya injini kupata moto na kupoa mara chache za mwanzo.