Ruzuku ya Marie Skłodowska-Curie: tathmini ya mtafiti aliyekwenda na kurudi

Ruzuku ya Umoja wa Ulaya inayobeba jina la Marie Skłodowska-Curie ni miongoni mwa zinazotajwa kwanza mhitimu wa uzamivu katika vyuo vyetu anapouliza pa kwenda kuendeleza utafiti wake ng'ambo. Mimi niliiomba mara mbili: niliikosa mwaka 2021, nikaipata katika dirisha la maombi la 2022, kisha nikaitumia kwa miezi 24 katika chuo kimoja cha kaskazini mwa Ulaya kuanzia Septemba 2023. Sasa nimerudi kwenye meza yangu ya maabara nchini Tanzania, ambako kazi yangu ni virusi vya muhogo. Naitathmini kama huduma niliyoitumia tangu fomu ya kwanza hadi ripoti ya mwisho, tena kwa jicho la mtu aliyeondoka akiwa na nia ya kurudi, kwa sababu nilipokuwa natafuta ushauri karibu kila mwongozo niliousoma ulimalizikia siku ya kupanda ndege.

Mpango wenyewe ulianza mwaka 1996, ukachukua jina lake la sasa mwaka 2014, na kwa kipindi cha 2021 hadi 2027 uko ndani ya mfuko wa utafiti wa Horizon Europe, ukiwa umetengewa takriban euro bilioni 6.6 kwa matawi yake yote. Tawi ninalolizungumzia ni la watafiti ambao tayari wana shahada ya uzamivu, na ndani yake ni ile sehemu inayomleta mtafiti wa uraia wowote katika taasisi ya Ulaya kwa miezi 12 hadi 24. Sifa yake ya kwanza, ambayo sijaona ikipitwa na ufadhili mwingine wowote nilioujaribu, ni kwamba hakuna anayekupangia mada. Unakuja na swali lako mwenyewe, liwe la falaki, la historia ya sheria au la ugonjwa wa michirizi kahawia unaoozesha mihogo ya wakulima wetu wa pwani, na andiko lako linapimwa kwa ubora wake pamoja na mengine ya fani hiyo, bila ya mtu kuuliza kama zao hilo linalimwa Ulaya.

Sifa ya pili ni kwamba fedha hizi huja kwa njia ya ajira. Ufadhili mwingi tuliouzoea hutoa posho ya kujikimu, na mtafiti akiugua au akijifungua hujitafutia mwenyewe. Hapa chuo mwenyeji kinakuajiri kwa mkataba, kinakuingiza katika hifadhi ya jamii ya nchi yake, na unapata likizo ya mwaka na ya uzazi kama mfanyakazi yeyote. Nilipoomba, kiwango cha msingi kilikuwa euro 5,080 kwa mwezi, na katika dirisha la 2025 kilipandishwa hadi euro 5,990, kikirekebishwa kulingana na gharama za maisha za nchi uendayo. Juu yake huongezwa posho ya uhamaji, na kwa mwenye mwenzi au watoto posho ya familia ya euro 660.

Hata hivyo, kiwango hicho kinapaswa kusomwa kwa makini, kwa maana ni gharama yote ya kukuajiri: mchango wa mwajiri hutolewa humo humo, kisha ndipo yafuate makato yako na kodi. Hati yangu ya kwanza ya mshahara niliisoma mara tatu nikidhani pana kosa, kwa sababu fedha zilizobaki kwenye mstari wa mwisho zilizidi nusu kwa kidogo tu, nami nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu za pango na chekechea ya mtoto kwa kiwango kizima. Zilitutosha watu watatu, na sikuwahi kukopa kwa ajili ya chakula. Lakini ningeshauri kila anayeshinda aiandikie idara ya utumishi ya chuo mwenyeji, kabla ya kusaini chochote, aombe makadirio ya fedha zitakazofika mkononi.

Masharti ya kuomba ni machache na yako wazi. Katika madirisha niliyoomba mimi, mwombaji alitakiwa awe na uzamivu kufikia siku ya mwisho ya maombi, asiwe amezidisha miaka 8 ya utafiti tangu aupate, na asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi ya chuo mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Sharti hilo la mwisho ndilo linalowanasa watu wetu wengi, kwa kuwa wahadhiri wetu kadhaa walisomea uzamivu wao kwa mpango wa sandwichi, nusu huku na nusu Ulaya, na kila muhula wa kule unahesabika. Mimi mwenyewe nilikaa sakafuni na pasipoti mbili, ya zamani na mpya, nikiandika kwenye daftari tarehe za mihuri ya kuingia na kutoka hadi nikapata jumla yangu. Kwa kuwa kanuni hurekebishwa, mwongozo wa kusoma ni wa mwaka unaoomba, na mtu asitegemee ule aliorithi kwa rafiki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa uzoefu wangu, ndilo linaloamua mambo: mwenyeji. Ombi haliwezi kupelekwa bila mtafiti wa chuo cha Ulaya aliyekubali kukusimamia, na kumpata ni kazi unayoifanya peke yako, kwa barua pepe, kwa watu wasiokujua. Nilipeleka barua 19. Waliojibu walikuwa wanne, wawili wakisema maabara imejaa. Yule niliyeomba naye mwaka 2021 alikuwa mtu mwema, akaweka saini siku ile ile niliyomtumia andiko, na sasa natambua kwamba kasi ile ilipaswa kunishtua, kwa sababu hakuwa amelisoma. Ombi lilipata alama 81.4 kati ya 100. Ripoti ya wathamini ilisifu wazo, kisha ikaeleza kwamba haikuonekana ni stadi gani hasa ningezipata katika maabara ile ambazo sikuwa nazo.

Mwenyeji wa pili alikuwa mama mmoja wa makamo ambaye katika simu yetu ya kwanza ya video hakuniuliza habari za virusi hata kidogo. Aliniuliza, "Kwa nini kazi hii uje kuifanyia kwetu, wakati ugonjwa uko kwenu?" Nilibabaika. Aliniacha nibabaike, halafu tukaanza kuandika jibu pamoja, jioni mbili kila wiki tangu mwishoni mwa Juni, yeye akiongeza kwa rangi ya kijani nami kwa nyekundu, mpaka zile kurasa 10 za sehemu kuu zikawa hazina sentensi ambayo hatukuijadili. Katika jibu hilo tulitaja mashine moja ya maabara yake, njia mbili za kuchambua takwimu za vinasaba, na kozi ya kusimamia wanafunzi ambayo chuo chake hutoa kila msimu wa baridi. Ombi la pili lilipata 95.2. Wazo la utafiti lilikuwa lile lile.

Mizani ya wathamini inaeleza kwa nini. Ubora wa kisayansi unabeba asilimia 50, lakini matokeo yanayotarajiwa kwa taaluma ya mtafiti na kwa jamii yanabeba 30, na utekelezaji 20, kwa hiyo mtu mwenye wazo zuri na mpango dhaifu wa mafunzo hupotezea alama zake hapo. Hata hivyo naisifu tathmini yenyewe. Kila andiko husomwa na wataalamu wasiopungua watatu, na mwombaji hupewa ripoti yenye nguvu na udhaifu wa kila kipengele, awe ameshinda au ameshindwa. Nimeomba fedha mahali pengine, nyumbani na nje, nikapewa mstari mmoja wa majuto au nisijibiwe kabisa, na ninajua thamani ya ripoti ya aina ile kwa mtu asiye na mkubwa wa kumsomea kazi yake.

Ushindani, lakini, umebadilika sana. Katika dirisha langu la 2022 waliomba watu 7,044 na wakapata 1,235. Katika dirisha la 2025 maombi yalifika 17,058. Bajeti haikukua kwa kasi hiyo, na alama ambazo zamani zingempa mtu furaha sasa zinaweza kumwacha nje. Anayefikisha 85 bila kupata fedha hupewa cheti cha ubora, na baadhi ya nchi huwa na mifuko yao inayowachukua wenye cheti hicho bila kuwataka waandike ombi upya, jambo ambalo linafaa kuulizwa mapema kwa chuo mwenyeji.

Upungufu nilioumia nao zaidi kabla ya kuondoka ni ule wa kipindi kati ya kushinda na mshahara wa kwanza. Posho ya uhamaji hulipwa pamoja na mshahara, mwezi baada ya mwezi, ilhali nauli, viza, tafsiri za vyeti vilivyothibitishwa, na amana ya nyumba hudaiwa kabla hujaanza kazi. Kwangu mimi ubalozi uliokuwa unapokea maombi ya ukaazi wa muda mrefu haukuwa Dar es Salaam, kwa hiyo nilisafiri kwenda Nairobi mara mbili, ya pili kwa sababu karatasi moja ya chuo ilikuwa na jina langu la kati likiwa limekosewa herufi. Fedha za yote hayo zilitoka kwenye kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu, na nilianza kuzirudisha mwezi wa pili wa kazi. Mpango unaotaka kuvuta watafiti wa dunia nzima haupaswi kudhani kwamba kila mmoja ana akiba ya kumfikisha mlangoni. Baadhi ya vyuo hutoa malipo ya awali mtu akiomba, lakini ni lazima uombe, na hakuna ukurasa uliokuambia hivyo.

Kwa asiyeweza kusubiri dirisha la Septemba, lipo tawi dada la COFUND, ambalo kwalo Umoja wa Ulaya huchangia vyuo, hadi euro milioni 10 kwa taasisi moja katika dirisha moja, ili viendeshe programu zao vyenyewe za kuajiri watafiti kutoka nje. Tarehe, fani na mishahara hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, na matangazo yake huwekwa katika EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya nafasi za kazi za watafiti. Sijalitumia, hivyo silipimi. Wenzangu wawili waliopitia huko walisema fomu zilikuwa fupi zaidi.

Limebaki suala la kurudi, na hapa ndipo ninapoishushia alama ruzuku hii. Mtafiti wa Ulaya anayetaka kuja kufanya kazi Morogoro au Kampala anaweza kuomba sehemu nyingine ya mpango huu huu, atalipwa hadi miezi 24 huku kwetu, kisha atalipwa miezi 12 zaidi arudi katika taasisi ya Ulaya na ujuzi alioupata. Sehemu hiyo ni ya raia na wakaazi wa muda mrefu wa Ulaya na nchi zilizoungana nao katika mfuko. Mtanzania anayekwenda Ulaya hana mwaka wa kurudi. Siku mkataba wake unapoisha, kila alichojifunza kinakuwa mzigo wake binafsi, na kuupeleka nyumbani au kuuacha palepale ni juu yake, huku maabara aliyoizoea kule ikimwonyesha tangazo la kazi nyingine. Wenzangu waliobaki siwalaumu hata kidogo. Waliowekewa daraja la kurudia ni wale wanaotoka upande mmoja tu.

Ipo nafasi moja ndani ya kanuni ambayo ingefaa kila mwombaji wa kwetu aijue. Hadi theluthi moja ya muda wa ruzuku inaweza kutumika katika taasisi nyingine, ndani au nje ya Ulaya, ili mradi iwe imeandikwa na kutetewa katika andiko. Kwa miezi 24 hiyo ni miezi 8. Mimi niliandika miezi sita katika taasisi yangu ya nyumbani, kwa hoja kwamba mashamba yenye ugonjwa yako Mkuranga na Kibaha, na wathamini waliitaja miezi ile miongoni mwa nguvu za ombi. Nilikuja na kifaa cha kusoma mpangilio wa vinasaba kinachotoshea kiganjani, nikakitumia pamoja na wanafunzi wawili wa uzamili, majani ya muhogo yakiwa yamefungwa kwenye karatasi za magazeti na kuandikwa kwa penseli jina la shamba na tarehe. Wanafunzi hao sasa wanaweza kukiendesha bila mimi kuwapo. Kilichotuishia ni vitendanishi, yaani kemikali za kufanyia vipimo, na andiko la kuviomba nimelipeleka kwa mfadhili mwingine, kwa kuwa katika ruzuku hii, mkataba wangu ulipokwisha, halikuwa tena na dirisha la kupitia.