Kaburi la Meresankh ni zuri, kampuni iliyotupeleka hapana

Safari yenyewe ni ya zamani kidogo sasa lakini hasira bado ninayo. Kama unatafuta watu wa kukuzungusha Giza, kule kwenye piramidi za Misri, hawa wetu usiwaguse. Jina silitaji, wakisoma watajijua.

Mimi na mama tulilipia ziara iliyotaja wazi kaburi la Malkia Meresankh wa Tatu, lililoko mashariki mwa piramidi kubwa, ile ya babu yake, Farao Khufu. Tumefika mlangoni, tiketi mkononi, mwongozaji anatazama saa. Eti chini hakuna kitu, na huyu mzee ngazi hataziweza, bora twende duka la karatasi za mafunjo. Huyu mzee! Mama kasimama palepale anasikia kila neno, na magoti yake ni mazima kuliko yangu. Hakumjibu. Alinishika mkono akaanza kushuka.

Hakuna kitu? Ukuta wa kaskazini wamesimama wanawake kumi, wamechongwa kwenye mwamba wenyewe, wakubwa kwa wadogo. Inaaminika ni Meresankh, mama yake na mabinti. Kwingine yumo mtumbwini na mama yake, Hetepheres wa Pili, wanavuna mafunjo, na rangi bado ipo. Mafunjo ya kweli hayo, siyo ya dukani. Halafu huyo Hetepheres kachorwa na nywele fupi za manjano na gauni jeupe lenye mabega yaliyochongoka juu. Mama akacheka: "Si ndiyo mabega tuliyovaa sisi miaka ya themanini?"

Hapo ndipo yule bwana akaanza kupiga makofi kule juu kama anafukuza kuku. "Khalas, madam! Khalas!" Yaani basi, imetosha.

Kwenye maandishi ya mlangoni pametajwa siku aliyofariki na siku aliyozikwa, na kati yake ni takribani miezi tisa. Walikuwa wanangoja nini muda wote huo? Na Reisner, mwanaakiolojia Mmarekani, alipolifungua kaburi mwaka 1927, jeneza la jiwe alilolikuta lilikuwa la mama mtu, alilojiandalia mwenyewe kisha akampa bintiye. Haya yote niliyasoma mwenyewe kabla ya safari. Niliyemlipa anieleze alikuwa juu anavuta sigara.

Kwa hiyo nyota moja. Ingawa, tuseme haki, dereva alikuwa mstaarabu sana, na ziara nyingi nilizoziona hazilitaji kabisa kaburi hili, wao walilitia kwenye ratiba. Nilishaanza kufikiria mbili. Kisha nikakumbuka jibu la malalamiko yetu: mgeni alitembelea kaburi kama ilivyopangwa, asante. Hapana. Moja, na hiyo moja ni ya dereva.

Giza nendeni. Tiketi ya Meresankh inauzwa peke yake, kateni wenyewe dirishani, na duka la mafunjo mlikatae kabla hamjapanda gari.