TAHADHARI: huyu "wakala wa tenda za serikali" anayezunguka Masasi, Nachingwea, Ruangwa mpaka Lindi mjini, msimpe hela wala pasiwedi

Jamani ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, someni hii mpaka mwisho hata kama ni ndefu, na mwenye mama au shangazi anayepika, anayeshona au mwenye kikundi amsomee maana ndio wanaotafutwa. Kuna jamaa anazunguka huku kwetu tangu hela za korosho zianze kuingia kwenye akaunti za watu, kavaa vizuri, ana laptop na kitambulisho shingoni ambacho ukikisogelea hakina jina la taasisi yoyote. Anajiita wakala wa tenda. Jina silitaji, kwanza shauri lipo polisi, pili anatumia majina tofauti, nikitaja moja mtakaa mnamsubiri huyo halafu yeye anakuja na jingine.

Mimi nina steshenari Masasi, natoa kopi, naskani, nawajazia watu fomu za TRA na BRELA (wanaosajili majina ya biashara) na huu mfumo wa NeST, yani mfumo wa mtandaoni wa serikali wa kuombea tenda, kwa hiyo hizi habari zinanifikia mezani na makaratasi yake. Ningekuwa nimesikia kijiweni tu nisingeandika.

Anavyoingia ni hivi. Anakuja kwenye kikundi, tena anapenda vikundi vya kina mama, anasema serikali imetenga asilimia 30 ya tenda kwa wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu na usajili unafungwa Ijumaa. Sasa hapo ndipo anapowapata watu, kwa sababu hiyo 30% ni kweli kabisa, ipo kwenye sheria ya ununuzi wa umma, ile Sheria Namba 10 ya mwaka 2023 na kanuni zake za 2024, taasisi za serikali zinatakiwa zitenge hiyo sehemu kwa makundi maalumu. Mtu akiuliza kwa mwanae aliyeko chuo anaambiwa ndio mama ni kweli. Basi na ile Ijumaa nayo inaonekana kweli. Hakuna Ijumaa! Usajili wa NeST hauna siku ya kufungwa, chenye siku ya mwisho ni tenda moja moja, kila tenda ina tarehe na saa yake.

Akishawaweka sawa anaomba hela ya usajili. Kuna waliotoa laki na nusu, kuna waliotoa zaidi, na anasema "tuma na ya kutolea" kwenye namba ya simu ya kawaida, jina linalokuja ni la mtu mwingine kabisa, ukimuuliza anasema huyo ni mhasibu wetu. Aisee. Malipo ya serikali yanakuja na kontrol namba, zile tarakimu 12 zinazoanza na 99, unalipia benki au kwenye simu na risiti inakuja kwa jina la taasisi. Mhasibu wa serikali hapokei ada ya serikali kwenye laini yake.

Siku zinapita kidogo halafu unatumiwa PDF. Ina nembo ya taifa, mhuri, sahihi, inasema hongera kikundi chenu kimeshinda tenda ya kusambaza chakula sehemu fulani kwa milioni kadhaa. Hapo watu wanapiga vigelegele. Nimeishika moja mkononi, muhuri umefifia upande mmoja kwa namna ileile kwenye kurasa zote, yani ni picha imebandikwa, na imeili ya chini ni ya bure kama ya kwangu na yako wakati ofisi za serikali zinatumia zinazoishia .go.tz.

Baada ya hongera zinaanza awamu. Ya kwanza anasema LPO, ile hati ya serikali ya kuagiza mzigo, haiwezi kutoka mpaka mlipie ile kodi ya asilimia 2. Huyu mtu anajua, tatizo anajua kwa kupindisha. Hiyo 2% ipo, ukiiuzia serikali bidhaa wanakata 2%, ukitoa huduma wanakata 5%, lakini wanakata KWENYE HELA WANAYOKULIPA WEWE, baada ya kupeleka mzigo na kudai. Wewe hutoi mfukoni kwanza. Awamu ya pili ni dhamana ya zabuni, yani ya kuhakikisha hutajitoa ukishinda, anataka keshi anasema itarudi. Kwa tenda ndogo na hizi za makundi maalumu mara nyingi wanataka tamko tu la dhamana, unajaza na kusaini, na zile kubwa zinazotaka dhamana yenyewe inatoka benki au bima kwa maandishi, sio noti kwenye bahasha anayopewa mtu stendi.

Awamu ya tatu ndiyo inayoua kabisa. Anakupigia mtu mwingine anajifanya afisa manunuzi, sauti nzito, haraka haraka, anasema tunahitaji dawa fulani ya mifugo au kifaa fulani, kwa dharura, leo hii, na dukani hakipatikani ila kuna msambazaji mmoja tu Dar namba yake hii hapa. Unampigia msambazaji, anacho, bei nzuri, ukiuza kwa serikali faida ni mara mbili, anataka nusu ya hela ndio apakie kwenye basi. Msambazaji, afisa na wakala ni genge moja. Ukituma tu simu zote tatu zinazima kwa pamoja. Kuna mama wa upande wa Ruangwa, mpishi wa shughuli, katoa hela ya mauzo ya korosho ya mume wake kwa hii njia na mpaka leo nyumbani hakukaliki. Sisemi zaidi ni mambo ya watu.

Ila hela jamani ni nusu ya tatizo, na hii nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Alikuja fundi selemala kutoka Newala, kijana mzuri tu, kazi yake anaijua, anataka kujisajili NeST mwenyewe kwa sababu kaona shule zinatafuta watu wa kutengeneza madawati. Tunaingiza TIN yake, ile namba ya mlipakodi, mfumo unasema imeshasajiliwa. Imesajiliwa na nani? Ndipo anakumbuka msimu uliopita alimpa yule jamaa kopi ya NIDA, TIN na leseni akamwambia "nitakufungulia". Kafungua kweli, kwa imeili yake yeye na laini yake yeye, pasiwedi anayo yeye. Kijana hajawahi kuiona akaunti yenye jina lake.

Tukahangaika, tukaandika barua tukaambatanisha NIDA, cheti cha TIN na RB (ile namba ya taarifa unayopewa polisi), mpaka akaunti ikarudi kwake. Tulipoingia ndani tukakuta zabuni zimeshaombwa. Za kweli, za taasisi za kweli, na ndani yake kuna barua za uzoefu kwamba huyu kijana kajenga hiki kasambaza kile, mikoa ambayo hajawahi hata kupita na basi. Yani jamaa anatumia biashara za watu kama koti, anaomba tenda kwa jina lako na karatasi za kufoji, ikikubali anakula yeye, ikigundulika unafungiwa wewe. Na kufungiwa sio maneno, PPRA, wale wasimamizi wa ununuzi wa umma, ina mamlaka ya kumfungia mzabuni aliyedanganya asishiriki tenda yoyote ya umma kwa muda watakaopanga. Hata ukishinda halafu ukakataa kusaini mkataba kwa sababu hukujua kama umeomba, lile tamko la dhamana lina jina lako na linakubana. Kumpa mtu akaunti ya NeST ni sawa na kumpa stakabadhi yako ya korosho akakudaie, huku namba ya benki aliyojaza ni yake.

Kwa hiyo kama uliwahi kumpa huyo jamaa au mwingine yeyote makaratasi, usisubiri. Jaribu kujisajili nest.go.tz kwa TIN yako, ikikwambia tayari ipo na wewe hujawahi kufungua basi nenda polisi uchukue RB, halafu nenda kitengo cha manunuzi cha halmashauri yako wakuelekeze namna ya kuwaandikia PPRA. Piga pia *106# uone kama kuna laini zimesajiliwa kwa NIDA yako ambazo huzijui, maana kopi ya kitambulisho ikishatoka inafanya kazi nyingi. Meseji zake usizifute, zipeleke 15040 na uzibakize kwenye simu kama ushahidi. Na kama kuna mtumishi wa kweli anakudai chochote ili upewe tenda hiyo ni rushwa, TAKUKURU ni 113 bure, maana tusijidanganye kwamba matapeli wote wapo nje ya ofisi.

Sasa kuna watu wataniuliza kwa hiyo hizi tenda ni uongo, tuache? Hapana, msiache, tena hapo ndipo huyu mtu anatuharibia. Nawajua watu humu Masasi wanapeleka vifaa vya usafi, wanachapisha, wanalisha semina, na hawana mjomba ofisini. Unahitaji TIN ambayo TRA hawaiuzi, leseni ya biashara kutoka halmashauri, jina la biashara BRELA, imeili YAKO na laini YAKO iliyosajiliwa kwa jina lako. Kama huna imeili tunakufungulia hapo hapo mbele yako na pasiwedi unaandika wewe, mimi nageuka pembeni. Steshenari ikikusaidia kujaza lipa hela ya huduma ya steshenari, hiyo ni haki ya mtu, ila asiondoke na akaunti. Mkiwa kikundi na mnataka kuingia kwenye ile 30% nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ndio mlango wenu, yule yule mnayemfuata kwa mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri.

Na mkiambiwa mmeshinda, kabla hamjapiga kigelegele ingieni kwenye akaunti yenu muangalie, maana kwa sheria ya sasa manunuzi ya umma yanapita NeST, kutangazwa, kuomba, kufunguliwa mpaka kupewa. Tenda zilizotangazwa unaziona hata bila kuingia kwenye akaunti, zina namba, jina la taasisi na tarehe ya kufungwa. Kama hukuomba haujashinda. Barua ya PDF ya WhatsApp peke yake ni karatasi ya kufungia karanga. Mkiwa na wasiwasi zaidi pandeni bodaboda mpaka ofisi yenyewe mkaulize, usipige namba iliyoandikwa kwenye barua, maana hiyo namba ni ya kwake.

Jambo moja ambalo wakala hatawaambia kwa sababu halimuingizii kitu: serikali inalipa kwa kuchelewa. Unapeleka mzigo, unasubiri. Mwenye mtaji wa laki tatu asiombe tenda ya milioni ishirini kwa sababu tu mfumo umemruhusu, aanze na kidogo anachoweza kukibeba na kukisubiri bila kuuza mbuzi.

Juzi nimesikia kaonekana Mtama na kabla ya hapo Mnazi Mmoja, sina uhakika kama ni yeye au ana wenzie. Akija kwenye kikundi chenu msimpige na msimfukuze, mwambieni mwenyekiti hayupo arudi kesho asubuhi, muombeni namba, halafu mpeleke hiyo namba polisi jioni hiyo hiyo. Waliotoa hela tafadhali wekeni hapa chini ni mwezi gani na sehemu gani, mpelelezi anahitaji watu wengi maana mpaka sasa wengi wanaona aibu kwenda kuandikisha maelezo. Na tafadhali, kuna watu watatu tangu asubuhi wamenitumia pasiwedi zao inbox niwaangalilie kama wameshinda. Nimezifuta. Badilisheni leo hii na msinitumie tena.