Barometa ya aneroidi (isiyotumia kimiminika) ya ukutani: uzoefu wangu Dar es Salaam

Kwa mkazi wa pwani anayetaka kufuatilia mgandamizo wa hewa mwenyewe, kifaa hiki nakipa alama nne kwa tano. Hakitaki betri wala intaneti. Alama moja naiondoa kwa ajili ya maneno yaliyochapwa usoni pake.

Ndani mna kijikopo chembamba cha madini, chenye mikunjo, kilichofyonzwa hewa. Mgandamizo wa nje ukiongezeka kinabonyea, ukipungua springi inakifutua. Mwendo huo ni mdogo mno, kwa hiyo nyenzo na mnyororo mwembamba huukuza mpaka mshale uonekane ukitembea kwenye namba za hektopaskali, yaani kizio cha mgandamizo wa hewa. Zebaki haimo, tofauti na barometa ya kwanza ya Mwitaliano Torricelli ya 1643. Lakini barometa nyingi bado zina duara la pili la milimita za zebaki, ambapo 760 ni sawa na hektopaskali 1013.

Kabla ya kulipa, panda nayo ngazi. Karibu na usawa wa bahari, kila mita 8.5 hivi za kwenda juu hupunguza hektopaskali moja, kwa hiyo ghorofa kumi zikushushie mshale kama 3.5. Kama haukusogea, gonga kioo taratibu kwa ncha ya kidole. Mshale ukiruka ghafla, nyenzo zinakwama kwa vumbi au kutu, na kwa hewa yetu ya chumvi hali hiyo haitapona yenyewe. Iache dukani.

Kuirekebisha ni kazi ya dakika chache. Itundike ndani, mbali na jua (mgandamizo wa ndani na wa nje ni uleule, usihangaike kuipeleka barazani). Tafuta ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, uangalie herufi Q na tarakimu nne zinazofuata, mfano Q1012. Kwa bisibisi ndogo zungusha skrubu ya nyuma kidogo kidogo, ukigonga kioo kila mara, hadi mshale ufike hapo. Namba ya Q, yaani mgandamizo kwa hektopaskali, imeshakokotolewa kwa usawa wa bahari. Wanaoiongezea tena mwinuko wa nyumba yao ndio wanaolalamika kwamba kifaa kinadanganya.

Sasa yale maneno: "mvua", "mabadiliko", "kukavu". Yametungwa kwa Ulaya, ambako mifumo mikubwa ya hewa hupita na kuzungusha mshale sana. Huku karibu na ikweta mgandamizo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama bahari: kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, tofauti ikiwa kama hektopaskali 3. Kushuka mchana si dalili ya mvua, na ngurumo za masika zaweza kufika mshale haujasema kitu. Tumia mshale wa shaba wa kumbukumbu, ule unaousogeza kwa mkono: uweke juu ya mshale mkuu saa ileile kila siku, ulinganishe na jana. Kumbuka pia kwamba wakati wa kusi namba huwa juu kuliko wakati wa kaskazi.

Thamani yake halisi ni vimbunga, kama Hidaya wa Mei 2024. Kanuni ya mabaharia wa tropiki ni hii: hektopaskali 3 chini ya kawaida ya saa na msimu huo, kaa macho, 5 chini, kimbunga kipo jirani. Hapo fuata matangazo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Ndugu wa Nairobi, msiinunue. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya bahari na mgandamizo halisi huko ni kama 835, ilhali nyuso nyingi huanzia 960. Skrubu haina nafasi ya kuziba pengo hilo, na kuilazimisha kunaweza kuharibu mtambo. Tafuteni iliyotengenezwa kwa nyanda za juu, au ya dijitali inayokubali kuingiziwa mwinuko.